Mbwa Anayelialia Kutwa Kucha: Namna ya Kumtuliza Bila Fimbo

Mbwa anayebweka hubweka, akishamaliza hunyamaza, watu wakarudi kulala. Anayelialia haishii. Sauti ile nyembamba ya puani inaanza saa nane usiku, inapumzika kidogo, inaanza tena alfajiri mnapojiandaa kuwahi foleni, halafu mchana wanabaki nayo majirani. Kwa nyumba zetu za Tabata, Sinza au Kimara hapa Dar, ambako banda la mbwa wako na dirisha la jirani vinatenganishwa na ukuta mmoja wa tofali, hilo ni tatizo la watu wengi kwa pamoja. Na kabla ya wote ni tatizo la mbwa mwenyewe, kwa sababu mbwa halii muda mrefu bila sababu.

Naandika kwa anayefuga mbwa wa kawaida wa mjini: wa kienyeji, chotara wa German Shepherd, mbwa wa ulinzi wa getini, au kijibwa cha ndani. Hatua nimezipanga hivi kwa makusudi: mwili kwanza, halafu mahitaji ya kila siku, halafu hofu na upweke, na tabia mwisho kabisa. Naomba usiruke. Kumfundisha adabu mbwa ambaye sikio lake limejaa usaha ni kumwonea.

Hatua ya kwanza: jua analia lini

Kwa siku chache andika kwenye simu mambo manne: saa aliyoanza kulia, mahali alipokuwa, kilichotokea muda mfupi kabla, na kilichomnyamazisha. Hilo la nne ndilo linalosema mengi. Akinyamaza ukimfungulia, alitaka kutoka. Akinyamaza ukimwekea maji, umeshajua. Akinyamaza mara tu unapotokea mlangoni, hata kabla hujafanya lolote, alikuwa anakuita wewe. Asiponyamaza kwa chochote, hata kwa chakula, huyo anahitaji daktari leo leo.

Kama mchana haupo nyumbani, acha simu ya zamani ikirekodi sauti karibu na banda. Mara nyingi unachosikia hakifanani na ulichodhani. Unaweza kuwa umeambiwa mbwa analia siku nzima, kumbe analia nusu saa ya kwanza baada ya geti kufungwa, kisha tena watoto wa shule wanapopita na fimbo wakikwaruza geti. Hayo ni matatizo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake. Muulize pia dada wa nyumbani na mlinzi wa usiku, maana wao wanakaa naye saa nyingi kuliko wewe.

Hatua ya pili: kagua mwili, kuanzia masikio hadi kucha

Chagua saa ya jua la asubuhi, mbwa akiwa ametulia, uwe na mtu wa kumshika shingoni kwa upole. Pitisha mkono taratibu mwili mzima, ukianzia mahali anapopenda kuguswa. Akijikunyata, akigeuza kichwa ghafla kuutazama mkono wako, au akilia palepale, umefika penye maumivu.

Masikio yainue na uyanuse. Sikio zima halina harufu kali. Likinuka kama kitu kilichochacha, lina uchafu wa kahawia au usaha, au mbwa anatikisa kichwa na kujikuna upande mmoja, ameambukizwa. Unyevu wa Dar unafanya jambo hili liwe la kawaida sana, hasa kwa mbwa wenye masikio yaliyolala na wale wanaopelekwa kuoga baharini bila kukaushwa. Usimwagie mafuta wala spiriti, na usichokoe ndani kwa njiti ya pamba.

Fungua mdomo. Fizi za mbwa mzima zina rangi ya waridi (wapo wenye mabaka meusi ya asili, hilo si tatizo). Zibonyeze kwa kidole hadi pawe peupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Fizi nyeupe au zilizopauka ni dalili ya upungufu wa damu, na hapa kwetu cha kushuku kwanza ni kupe na minyoo.

Kupe nitakaa nao kidogo, kwa sababu wanaumiza mbwa wengi mno katika mji huu. Wao hawakai mgongoni unapowaona. Wanajificha ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, na katikati ya vidole. Tanua vidole kimoja kimoja, utamkuta mmoja amevimba rangi ya kijivu, amezama kichwa kwenye ngozi laini kati ya nyayo, na mbwa kila akitembea anamkanyaga. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwa kunyoosha bila kumzungusha, umtie kwenye kichupa cha spiriti. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa, usimpasue kwa kucha. Kisha uangalie mahali mbwa anapolala, maana kupe wa kahawia wa mbwa huzaliana kwenye nyufa za ukuta na sakafu ya banda. Ukimsafisha mbwa ukaacha banda, baada ya wiki chache mtarudi palepale.

Kupe hao huambukiza homa. Mbwa ananyong'onyea, hali vizuri, analialia akiwa amelala, fizi zinapauka, mara nyingine mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi au damu inatoka puani. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo usidanganywe na mwili wake kuwa wa moto kuliko wako. Pima kwa kipimajoto cha dijitali kupitia njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta mazito ya kujipaka. Akipita 39.5 akiwa amepumzika kivulini, mpeleke. Homa hizi ziko za aina zaidi ya moja na dawa zake hazifanani. Ya moja hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki 4 hivi, na watu huikatiza wiki ya kwanza wakiona mbwa ameanza kula. Usiikatize.

Kwenye nyayo tafuta pia funza, miiba na vipande vya chupa. Kwenye ngozi tafuta kijipu chenye tundu dogo katikati: hapo ndani kuna buu la nzi. Nzi huyo hupenda kutaga kwenye mchanga na nguo zenye unyevu, kwa hiyo gunia la kulalia mbwa lianikwe juani likauke kabisa. Mbwa anayelia akiamka, akipanda ngazi, au anayekataa kuruka kwenye gari ambalo zamani alikuwa akilirukia, anaumwa viungo au mgongo.

Sasa sikiliza hili kwa makini: usimpe mbwa dawa za maumivu za binadamu. Panadol, diklofenaki na ibuprofeni zimeua mbwa wengi ambao wenyewe waliwapenda. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupima kwa kifuniko, usimpake mbwa kwa kukadiria. Muulize daktari ipi na kwa kipimo gani kwa uzito wake.

Ziko dalili zisizosubiri kesho. Tumbo limevimba na kuwa gumu, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu: huyo anaweza kufa kabla ya asubuhi, hasa kama ni mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu. Anachuchumaa kukojoa na hakitoki kitu. Jike mwenye mimba anasukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka. Mtoto wa mbwa anatapika na kuharisha damu.

Na moja ya peke yake: mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafla ikawa ya kukwaruza, anatokwa mate, anashindwa kumeza, anatembea ovyo au amekuwa mkali au mpole kupita kawaida yake. Usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Mfungie alipo, waondoe watoto, mpigie afisa mifugo wa kata. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kulambwa penye kidonda aoshe pale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishamwanza mtu, hakuna tiba. Chanjo ya mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka, na karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure; uliza ofisi ya kata.

Daktari utakayemwita, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Si kumdharau. Wapo watu mtaani wanaozunguka na sindano na mfuko, wanachoma kila mbwa dawa ileile. Daktari wa kweli atamshika mbwa, atampima joto, na akihitaji damu ipimwe atakwambia. Maabara ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ipo Temeke.

Hatua ya tatu: banda, maji, chakula

Mbwa wengi wa Dar wanalia kwa sababu ya banda. Nasema hivi kwa sababu nimeyaona mengi: box la bati na mbao, limewekwa kwenye kona iliyobaki baada ya kila kitu kupata nafasi, linapigwa na jua la saa saba. Simama ndani ya banda la mbwa wako saa hiyo mwezi Februari. Weka kiganja kwenye bati. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na kwenye hewa nzito ya pwani kuhema hakumsaidii sana. Anayehema kwa kasi, ulimi umelegea nje na umekuwa mwekundu sana, anayumba, amezidiwa na joto: mpeleke kivulini, mwagia maji ya kawaida ya bomba tumboni na miguuni, mpepee, mpe maji anywe kidogo kidogo, kisha mpeleke kwa daktari.

Kurekebisha banda hakuhitaji fedha nyingi. Weka makuti au turubai juu ya bati ukiacha nafasi ya hewa katikati. Inua sakafu kwa tofali mbili ili maji ya masika yapite chini. Toa ubao mmoja upande wa upepo. Kama una mwembe au mwarobaini uani, hama nalo hadi pale. Maji yawe mawili, sufuria mbili nzito zisizopinduka, moja kivulini pale anapolala. Mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja au zaidi kwa siku, na siku za joto huzidi.

Mnyororo ni habari nyingine. Mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita moja mchana kutwa analia kwa haki. Kama ni lazima afungwe, funga waya mrefu ulionyooka kutoka nguzo hadi nguzo na mnyororo utembee juu yake, ili apate kutembea ua mzima. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na inakataza kumtesa mnyama. Lakini hata isingekuwepo, mbwa asiyeweza kujigeuza hawezi kutulia.

Chakula: wape kwa saa zilezile, mara mbili kwa siku. Ugali wa dona na dagaa au utumbo uliochemshwa vizuri unawafaa wengi, mradi nyama isiwe ya kunusishwa tu. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa visiingie kwenye sahani yake. Mbwa anayelia saa mbili kabla ya mlo na mbavu zinahesabika ana njaa, basi. Anayekula sana na haongezeki, mpe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

Hatua ya nne: mpe kazi

Mbwa aliyekaa uani wiki nzima bila kutoka hana la kufanya ila kulia. Mtembeze asubuhi kabla ya saa moja na jioni jua likishapoa. Lami ya saa tisa inaunguza nyayo: weka mgongo wa mkono wako barabarani kwa sekunde 5, ukishindwa kuvumilia, naye hawezi. Usimkokote kwa haraka. Mwache anuse. Dakika 20 za kunusa kila kichaka na kila nguzo zinamchosha akili kuliko saa nzima ya kukimbizwa kando ya pikipiki.

Kwa mchana, mfiche chakula. Chukua dafu lililokwisha kunywewa na kukwanguliwa, litie ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, liache kwenye friza usiku kucha. Asubuhi unapotoka, mpe. Atalishika kwa miguu ya mbele, atalamba, atalizungusha, litamgonga puani, atalifuata tena. Siku za mwanzo kaa naye umwone. Akiwa mtu wa kung'oa na kumeza makumbi, mnyang'anye na utumie sufuria ndogo nzito badala yake. Njia nyingine ni kumwagia dagaa wakavu kwenye majani au ndani ya gunia lililokunjwa, autafute mlo wake kwa pua.

Hatua ya tano: hofu

Radi za masika na fataki za usiku wa tarehe 31 Desemba huwafanya mbwa walie, watetemeke, wachimbe chini ya geti. Usimwadhibu. Na usiogope kumbembeleza. Hofu haiongezeki kwa sababu umemkalia karibu. Mwingize chumba chenye madirisha machache, shusha pazia, washa redio au feni yenye kelele, mpe nguo yako iliyovaliwa. Mbwa wa ulinzi naye ana haki hiyo usiku mmoja kwa mwaka. Mwizi hatajua kuwa umemwingiza ndani. Kwa wale wanaojiumiza kabisa kwa hofu, muone daktari wiki mbili kabla, si usiku wenyewe, maana zipo dawa za wasiwasi na lazima zipimwe kwa uzito.

Mbwa wengi pia huitikia sauti ndefu inayopanda na kushuka: king'ora cha gari la wagonjwa, honi ya treni, adhana. Hilo ni jambo la asili kwao, kuitikia tu. Kama msikiti upo jirani na mbwa wako hulia wakati wa adhana, mwingize banda la nyuma dakika chache kabla na umpe kitu cha kutafuna. Ni heshima kwa majirani, na mbwa anajifunza kwamba saa hiyo ni saa ya chakula.

Hatua ya sita: upweke

Huyu analia unapoondoka, tena huanza kabla: ukishika funguo tu, ukivaa viatu. Ukirudi unakuta mlango umekwaruzwa, amejikojolea, mate yametapakaa. Kelele zake hazina ujeuri ndani yake. Ameshikwa na hofu, na kumchapa unaporudi kunamfundisha kwamba kurudi kwako nako kunatisha.

Anza na funguo. Zishike, zitikise, kaa chini, angalia runinga. Vaa viatu, zunguka sebuleni, vivue. Rudia hadi asijali. Kisha toka nje ya mlango kwa sekunde 10 na urudi kabla hajaanza kulia. Kisha nusu dakika. Kisha dakika 2. Ukiona analia, umeruka. Rudi hatua moja nyuma. Usimuage kwa maneno mengi wala usimshangilie sana ukirudi: ingia, weka mkoba, nawa, halafu msalimie akiwa ametulia. Inachukua wiki kadhaa, na wakati huo ni bora asiachwe peke yake muda mrefu. Kama yupo bibi nyumbani, au kijana wa jirani anayeweza kukaa naye mchana kwa malipo kidogo, mtumie.

Kumletea mbwa wa pili kunasaidia wachache. Mbwa anayekulilia wewe ataendelea kukulilia wewe, na sasa utakuwa na wawili wa kuwalisha.

Hatua ya saba: zungumza na majirani kabla ya kuanza mafunzo

Nimeiweka hapa kwa sababu hatua inayofuata itaongeza kelele kabla ya kuzipunguza, na jirani asiyejua atadhani umedharau. Nenda mwenyewe, jioni, mikono ikiwa na adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Ahsante. Mzee, najua mbwa wangu anawasumbua. Nimeanza kumfundisha, na wiki hizi mbili tatu atapiga kelele zaidi kabla hajatulia. Naomba mnivumilie. Akizidi mchana nikiwa kazini, nitumie ujumbe, hata kama ni kila siku."

Mara nyingi atakupa taarifa ambazo huna: kwamba mbwa hulia gari la taka linapopita, au kijana fulani humrushia mawe. Kama jirani ni Mwislamu, hakikisha mbwa hatoki akawagusa watu waendao kuswali. Mate yake kwao ni najisi na mtu italazimu ajitwaharishe upya. Mambo yakifika kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukiwa umeshazungumza na watu, husikilizwa tofauti.

Hatua ya nane: tabia ya kulia ili apewe

Umeshamtibu, banda lina hewa, anatembea, haogopi, na bado analia akikutazama machoni. Huyo amefundishwa. Alilia, akapewa kipande cha chapati. Alilia, akafunguliwa. Hata kumkaripia "nyamaza!" ni malipo kwa mbwa aliyekuwa anataka umtazame.

Dawa ni mbili kwa pamoja. Kwanza, kulia kusimpe kitu: usimtazame, usimguse, usimsemeshe, geuka, hata utoke. Pili, na hii ndiyo watu wanaisahau, kimya kimpe. Akinyamaza sekunde 3 tu, sema "vizuri" kwa sauti ya chini na umpe kipande cha ini lililochemshwa, kidogo kama punje ya haragwe. Ukimpuuza analia na ukampuuza ametulia, hana cha kujifunza.

Fanya zoezi hili wakati wa chakula, maana hapo ana sababu ya kujitahidi. Shika sahani usawa wa kiuno. Analia: usiseme neno, inua sahani hadi kifuani. Amenyamaza: shusha kidogo. Analia tena: inapanda. Siku ya kwanza sahani itapanda na kushuka mpaka mkono uchoke. Utafika wakati ataketi mwenyewe, masikio mbele, macho kwenye sahani, kimya, na pua inatetemeka. Weka chini palepale, usimcheleweshe. Kisha ongeza muda: sekunde 5, 10, nusu dakika.

Mwanzoni atalia kwa nguvu zaidi ya zamani, kwa sababu njia iliyokuwa ikifanya kazi imegoma naye anaisukuma. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ukimpuuza mara tisa ukamwitikia mara ya kumi, umemfundisha kwamba bei ni mara kumi. Kwa hiyo familia nzima ikubaliane: baba, mama, watoto, dada wa nyumbani, mlinzi. Mmoja akimrushia mfupa kwa huruma chini ya meza, kazi ya wote imeharibika. Ukiona huwezi kuvumilia kelele usiku huo, mwitikie sauti ya kwanza kabisa, usisubiri azidishe.

Fimbo, maji ya baridi, pilipili mdomoni, mikanda ya umeme: vyote hivi vinaweza kunyamazisha, na ndiyo hatari yake. Mbwa aliyekatazwa kutoa sauti ya onyo huja kung'ata bila onyo.

Watoto, madume na wazee

Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Usiku wa kwanza atalia, usimfungie stoo. Mlaze kwenye boksi karibu na kitanda chako, na kanga ya zamani aliyolalia na mama yake, umtoe kukojoa mara moja au mbili usiku. Baada ya siku chache anza kulisogeza boksi kidogo kidogo kuelekea unapotaka alale.

Dume anayesimama getini akilia siku nyingi mfululizo, hali, na anachimba, amenusa jike lililo kwenye joto, yaani linalotaka dume, na joto hilo huchukua kama wiki 3. Mafunzo hayafui dafu hapo. Ongea na daktari juu ya kumhasi. Operesheni ni ya kawaida na inafanyika hapa mjini.

Mbwa mzee anayeanza kulia usiku, akisimama kwenye kona au upande usio wa mlango, anaweza kuwa amepungukiwa na macho, masikio au akili. Usibadilishe mpangilio wa vitu alivyozoea, mtoe kukojoa mara ya mwisho usiku sana, na mwombe daktari ampime viungo na meno, kwa sababu zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa na wazee wengi hulala vizuri wakishaanza kuzitumia.